Muulize Fundi: Kitanda cha mtoto ni tepu kwanza

Mbukwenyi wasomaji. Barua nne za mwezi huu zinauliza jambo moja, kitanda cha mtoto mchanga, kwa hiyo wenye meza za kulia na milango iliyovimba kwa mvua wanivumilie hadi toleo lijalo. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu imebeba karibu yote ninayoyaona karakanani kwangu Chang'ombe, hapa Dodoma.

*Shikamoo Mzee Fundi. Mimi na mume wangu tumehamia Ilazo, yeye anafanya kazi Mtumba. Natarajia kujifungua mwezi wa saba, mtoto wetu wa kwanza. Nyumba ina vyumba vitatu, na mume wangu ameshapaka kimoja rangi kiwe cha mtoto. Tumeona vitanda vitatu. Kimoja ni cha mtumba kutoka ng'ambo, cheupe, kizuri, ubavu wake mmoja unashuka na kupanda. Cha pili ni cha kukunja chenye kuta za neti. Cha tatu fundi wa jirani atatuchongea kwa mninga, na upande wa kichwani atatoboa umbo la moyo. Mama mkwe anakuja kutoka Kongwa kunihudumia siku arobaini, naye anasema mtoto mchanga halazwi peke yake, kitanda ni kupoteza hela. Nichague kipi, na mama nimwambieje? – Mama Kijacho, Ilazo*

Marahaba, mwanangu. Mungu akujalie ujifungue salama.

Mama mkwe wako usimpelekee ubishi, maana nusu ya neno lake ni kweli kabisa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, nchi yenye vyumba vya watoto tele, kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi angalau miezi 6 ya mwanzo. Wanachokataa ni kulala godoro moja. Mtu mzima aliyechoka anaweza kumlalia mtoto bila kujua, na godoro laini la wakubwa pamoja na mablanketi yake huweza kumziba pua. Mweleze mama hivyo hivyo: mtoto hatatengwa, kitanda chake kitakaa ubavuni mwa kitanda chako, na usiku ukinyoosha mkono unamgusa. Nimeona kina mama wengi wa umri wake wakilainika mara tu wanapojua kwamba mjukuu hapelekwi chumba cha pili. Kile chumba alichokipaka baba kiachwe madirisha wazi miezi hiyo, harufu ya rangi iishe.

Na kwa kuwa kitanda kitaanzia kwenu kisha kihamie kingine, pima mlango leo. Mlango ukiwa wa futi 2 na nusu, kitanda chenye upana wa futi 3 kitabaki sebuleni.

Sasa nikueleze kwa nini mimi nashika tepu kabla ya kushika randa. Mwaka 1991 nilimchongea kitanda mwanangu wa kwanza. Nilikuwa kijana, mbao nilizipata kwa taabu, nikabana: mahali pa fito 13 kila ubavu nikaweka 9. Kati ya ufito na ufito palipita karibu inchi 4, upana wa kiganja changu. Kilisifiwa mtaa mzima. Mtoto alipofika miezi 7, mchana mmoja wa kiangazi, mama yangu alikuwa uani akipepeta mtama, akasikia kilio cha mtoto kimekatika ghafla. Alipoingia alikuta miguu ya mtoto imetoka nje ya fito, tumbo limetoka, kifua kimetoka, kichwa kimebaki ndani. Mwili wote ulikuwa unaning'inia kwa kidevu. Mama alimnyanyua uzito, mimi nikang'oa ufito kwa mikono. Mtoto yule leo ana watoto wake, namshukuru Mungu kila nikimwona. Kitanda nilikipasua jioni ile ile, na hata kuni zake sikutaka zipikie nyumbani kwangu.

Tangu hapo nimejua kwamba mtoto hatoki kwa kichwa, hutoka kwa miguu. Makalio na kifua hubonyea, kichwa hakibonyei. Nafasi yoyote inayopitisha makalio na kuzuia kichwa ni mtego. Miaka mingi baadaye mteja wangu mmoja, muuguzi, aliniletea vipimo vya wenzetu nikaviona kwa macho: Marekani fito haziruhusiwi kuachana zaidi ya sentimita 6, na Ulaya nafasi inatakiwa iwe kati ya sentimita 4.5 na 6.5. Mimi natumia inchi 2 na robo, kwa sababu iko ndani ya vipimo vyote viwili na kila fundi wa hapa anaisoma kwenye tepu bila kukuna kichwa. Dukani ukiwa huna tepu, chukua kopo la soda tupu, lile nene la kawaida. Likipita kati ya fito, ondoka hapo. Kisha shika fito mbili uzitanue kwa nguvu, maana ufito mwembamba hupima vizuri ukiwa umetulia na hupinda ukisukumwa.

Kwa hiyo hicho cheupe cha ng'ambo kiache, hata ukipewa bure. Ubavu unaoshuka unategemea klipu na reli ndogo ambazo huchakaa. Kona moja ikichomoka, ubavu huachana na godoro, mtoto huteleza katikati na kubanwa hapo. Marekani ilipiga marufuku vitanda hivyo kuanzia tarehe 28 Juni 2011, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30 katika miaka kama 10. Kitu kikikatazwa huko hakiyeyuki duniani, kinatafuta mahali pengine pa kwenda. Nimeletewa vya aina hiyo karakanani, kimoja kimefungwa waya pale klipu ilipovunjika. Sivitengenezi. Nawaambia wenyewe waziwazi, wengine wanakasirika.

Cha kukunja si kibaya, na ukienda Kongwa kusalimia kitakufaa sana. Kikunjue mwenyewe dukani, usikubali ukunjuliwe na muuzaji: pande zote 4 zijifunge zenyewe na zisilegee ukiegemea kwa mikono miwili. Matundu ya neti yawe madogo hata punje ya hindi isipite, na neti isiwe imechanika popote. Halafu kuna kosa moja ambalo watu wema hulifanya kwa huruma. Kigodoro chake ni chembamba na kigumu, mama anakihurumia kifua cha mtoto, ananunua godoro jingine nene analiweka juu. Kuta ni za kitambaa, zinasukumika, mtoto huviringika akaingia kati ya godoro na neti. Kigodoro kilichokuja na kitanda ndicho hicho hicho, usiongeze.

Ningekuwa baba yako ningekuchagulia cha mninga, lakini ule moyo usitobolewe. Tundu la mapambo upande wa kichwani hunasa mkono, na likiwa kubwa hunasa kichwa. Kama mume wako anataka moyo, uchongwe juu juu bila kutoboa. Nguzo za kona ziishie sawasawa na ukingo, zisichomoze vichwa kama vya kitanda cha wakubwa, kwa sababu ukosi wa nguo au uzi wa kofia hunasa pale mtoto anapojaribu kusimama. Pande zote 4 zikazwe kwa bolti na nati, si misumari. Msumari hulegea na kuchomoza, bolti unaikaza tena. Chaga zifungwe kwa skrubu, zisilazwe tu juu ya mbao, maana mtoto wa miezi 10 huruka humo kama mbuzi.

Mwambie fundi aweke ngazi mbili za chaga. Ya juu, ili usivunjike mgongo kumwinamia kichanga, ibaki na kimo cha sentimita 30 kutoka chaga hadi ukingo. Siku anapoanza kujiinua kwa mikono au kukaa, usisubiri Jumamosi, shusha siku hiyo hiyo hadi ya chini, ambako kimo kiwe sentimita 60, yaani futi 2. Akifikisha urefu wa sentimita 89 kitanda hicho kimemwisha, atavuka.

Godoro linunue kwanza, kitanda kichongwe kufuata godoro. Hili nalisisitiza kuliko yote kwa sababu hapa kwetu tunafanya kinyume: kitanda kinakwisha, ndipo mtu anazunguka Majengo kutafuta godoro la kuingia, analikosa, anakatiwa sponji inayokaribia. Inabaki nafasi ya inchi 2 upande mmoja na anaijaza kwa kanga. Kanga hiyo mtoto huivuta usiku. Nunua godoro gumu la futi 2 kwa 4, unene inchi 4, ulipeleke kwa fundi alilaze chini na kuchora kitanda kulizunguka. Kikiisha, jaribu kuingiza vidole kati ya godoro na ubavu. Vidole viwili vikiingia kwa kulegea, nafasi ni kubwa mno, mrudishie. Na ugumu wa godoro upime kwa kiganja: bonyeza kwa nguvu katikati kisha achia. Alama ya kiganja ikibaki, hilo si la mtoto.

Mwisho ni mahali pa kukiweka. Mwezi wa saba unaujua, upepo wa Dodoma unaingia hata pasipo na tundu na usiku ni baridi kweli. Usikisogeze dirishani, kwa ajili ya vumbi na kwa ajili ya pazia na kamba zake. Kisiwe karibu na waya wa ekstensheni. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani kupasha joto, hata likiwa limekolea bila moshi. Hewa ya mkaa haina harufu, na huua chumba kizima. Mvalishe nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe, inatosha.

*Fundi, salaam. Nina mbao zilizobaki nilipoezeka nyumba, za msonobari, zile zenye rangi ya kijani. Fundi wangu anasema zinafaa kitanda cha mtoto kwa sababu mchwa hawazigusi, na miguuni atapaka oili chafu kuongeza kinga. Je, ni sawa? – Baba wa Pacha, Mpwapwa*

Hapana, ndugu yangu, na nakuomba umzuie leo.

Ule ukijani ni dawa. Mbao za paa aghalabu hutiwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Juu ya paa zinafanya kazi yake vizuri. Mtoto anayeota meno, yeye, hutafuna ukingo wa kitanda kama panya, mate yanalowanisha mbao kutwa nzima. Na wewe una pacha, wanatafuna wawili. Viwanda vya Marekani viliacha kutia dawa hiyo kwenye mbao za matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003. Hata vumbi na mabaki yake usiyapeleke jikoni kuwa kuni. Oili chafu nayo imebeba mabaki ya injini, harufu yake haitoki, na mtoto akianza kutambaa hushika miguu ya kitanda kabla ya kitu kingine chochote.

Mchwa wa huku kwetu nawajua, wamenilia hadi fremu za milango. Lakini kitanda kinachosimama juu ya sakafu ya saruji na kusogezwa kila wiki wakati wa kufagia hakiliwi kimya kimya. Mchwa wanapenda kitu kilichogusana na udongo kikasahaulika. Ukiweza, tumia kiini cha mninga au mkongo, mchwa huvikwepa. Ukishindwa, msonobari mweupe usiotiwa dawa unatosha kwa miaka michache mnayouhitaji.

Msonobari una shida nyingine, na hii ni ya kwetu wa nyanda kavu. Mbao zinaposhuka kutoka Mufindi mara nyingi bado ni mbichi. Zikifika Dodoma hewa inazinyonya maji, zinasinyaa. Kitanda kilichochongwa kwa mbao mbichi mwezi wa nne, ukifika wa tisa viungo vinacheza na ile nafasi ya inchi 2 na robo imekuwa pana zaidi. Zipange mbao kivulini, katikati ya kila safu uweke vijiti hewa ipite, uziache wiki kadhaa kabla ya kuziranda. Mninga una sifa hiyo ya kusinyaa kidogo sana, ndiyo maana naupenda. Kisha kila mwezi pitia bolti zote kwa spana, ni kazi ya dakika 5.

Rangi: chagua iliyoandikwa kwenye kopo kwamba haina madini ya risasi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na haina kiwango kidogo cha kuvumilika. Kama kuna kitanda cha zamani cha babu mnataka kukirithi, msikipige msasa ndani ya nyumba, vumbi la rangi ya kale ndilo hatari yenyewe. Mimi kitanda cha mtoto nakilainisha kwa msasa hadi kiganja kiteleze, nakipaka vanishi ya maji, na nakiacha wiki tatu kwenye hewa kabla ya kumkabidhi mwenyewe.

*Ndugu Fundi, hujambo. Mimi ni bibi, mjukuu wangu anakuja. Kitanda ni kizuri, umeshakisifu mwenyewe katika toleo lililopita. Nimenunua seti yake: mto mdogo, mito mirefu ya kuzunguka pembeni asijigonge, na blanketi zito. Binti yangu anasema vyote vitoke. Mbona mtoto alale kama mfungwa? Na bila mto kichwa hakitakuwa bapa? – Bibi wa Bahi*

Sijambo, dada yangu, nakuheshimu sana, na najua seti hiyo umeinunua kwa mapenzi. Binti yako ana haki.

Hili si la useremala peke yake, lakini kitanda nilichokichonga kwa vipimo halali huwa hatari kikijazwa vitu. Mtoto wa miezi 3 akigeuza uso ukazama kwenye mto, hana nguvu ya kuutoa. Ile mito ya pembeni, Marekani waliipiga marufuku kwa sheria ya 2022. Kujigonga kwenye fito kunaacha alama nyekundu inayopona kesho yake. Mto uliobana pua hauna kesho. Kitandani abaki mtoto, godoro gumu na shuka moja iliyobanwa vizuri chini ya godoro. Alazwe chali, kila usingizi, wa mchana na wa usiku. Zamani tuliambiwa kifudifudi ili asipaliwe na maziwa, na mimi wangu niliwalaza hivyo. Uingereza walianza kuwahimiza wazazi wawalaze chali mwaka 1991, Marekani 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kama nusu. Mtoto aliye chali hapaliwi kama tulivyodhani, koo lake limekaa vizuri zaidi.

Kichwa bapa ni swali zuri. Dawa yake ni wakati akiwa macho: mlaze kifudifudi mkekani mbele yako, umwimbie, dakika chache chache mara nyingi kwa siku. Huko ndiko bibi anakohitajika.

Ile hela ya blanketi inunulie chandarua kizuri, au tumia kile ambacho binti yako alipewa kliniki. Mbu wa Bahi, kwenye mashamba ya mpunga, huhitaji mimi nikusimulie. Kining'inizwe darini, kiwe kirefu cha kutosha kuchomekwa chini ya godoro pande zote, kikazwe kisilegee kikamwangukia usoni. Kamba inayobaki ifungwe juu kabisa asipoifikia. Na shanga au uzi wowote wa shingoni utolewe anapolala.

*Shikamoo Mzee. Napanga chumba kimoja Nkuhungu, niko peke yangu, nauza mboga. Vitanda vyote hivyo siviwezi. Mtoto ana wiki 2, nalala naye. Naogopa. – Jina nimelificha*

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa mtoto. Usione haya.

Nchi ya Finland ilipokuwa bado ya watu wengi maskini, mwaka 1938 serikali yake ilianza kuwapa wajawazito wenye kipato kidogo msaada wa uzazi. Msaada huo ukaja kuwa boksi la vitu vya mtoto lenye kigodoro, na watoto wengi wa nchi ile walilala usingizi wao wa kwanza ndani ya boksi hilo. Wewe uombe sanduku la mbao. Nenda karakana yoyote, uliza mabaki ya msonobari mweupe. Urefu futi 2 na nusu, upana futi 1 na nusu, kuta futi 1, chini chaga za karibu karibu. Miguu iwe mifupi, inchi 6, iliyotanuka ili lisipinduke. Sakafuni moja kwa moja nakukataza kwa sababu ya nge na ubaridi wa saruji. Ndani weka sponji ngumu ya inchi 2 iliyokatwa ijae barabara, shuka moja, hakuna kingine. Liweke chini, pembeni mwa kitanda chako, usiliinue juu ya meza wala stuli. Litamtosha hadi atakapoanza kujigeuza au kujiinua kwa mikono, miezi 4 au 5, na muda huo tutakuwa tumepanga la pili.

Hadi likamilike, akishanyonya usiku mrudishe upande wake kabla usingizi haujakuchukua, na mto wako usogeze mbali naye. Hiki kipande cha gazeti mpe fundi akisome. Akikuambia mabaki hana, njoo Chang'ombe na kipimo cha sponji yako, nitalitengeneza na hutalipa fundi.